Maji ya Mashuka

Mongia alikuwa ameinamisha sufuria ya maji yaliyochemshiwa mashuka ya wageni, tayari kuyamwaga kwenye tundu la uani. Kabla ya kumwaga maji ya moto husemwa bismillahi, majini walio chini wapate kujitenga. Alikuwa amefungua kinywa aliseme neno hilo pale jirani yake Saida aliposukuma mlango.

"Acha kufua, shoga. Waaljeria wako wamefika. Mumeo kasema vyumba viwe tayari sasa hivi."

"Si walisema kesho?"

"Mwaljeria akiwa likizoni ana kesho huyo?"

Mongia akacheka, mkono ukalegea, maji yakaenda yote. Neno likabaki kinywani.

Huko tunduni kitu kilivuta pumzi, kama mtoto anayejiandaa kulia. Ikapanda harufu ya nywele zilizoungua.

"Umeunguza nini?" Saida aliuliza.

"Sijapika bado."

Tundu lile lilikuwa la zamani kuliko nyumba. Mfereji wake ulipita mwambani ukateremka hadi bandari ya kale ya Mahdia, chini ya makaburi meupe. Na huko ndiko Yosra, binti yake Mongia wa miaka kumi, alikokwenda kuwapokea wageni na kuwasimulia habari za mji, kama alivyofanya kiangazi chote.

Wageni walifika naye kabla ya magharibi. Yosra alikuwa amejifunga mtandio hadi masikioni, na joto lote lile.

"Binti yenu ni hazina," mgeni mmoja alimwambia Mongia. "Katutajia wachonga mawe wa bandari mmoja mmoja. Hata aliyefia chini ya jiwe, katuambia alimwita nani akikata roho."

Mongia ndiye aliyemkaririsha Yosra yale maelezo. Yalikuwa mafupi, na kila siku mtoto alikosea palepale: alisema ngome ilijengwa kabla ya bandari, kisha akajisahihisha. Wachonga mawe hawakuwamo.

Alimvutia jikoni. "Nani kakufundisha hayo?"

"Tulikuwa tunawashikia taa," mtoto alijibu.

Mongia akaufungua mtandio. Shingo na bega vilikuwa vimebabuka, malengelenge bado mabichi.

Lella Dalila, mama mkwe wake, aliyekuwa akikatakata pweza, aliweka kisu chini. "Ulisema bismillahi?" alinong'ona.

Mongia akageuza macho uani.

"Basi umemuunguza wa kwao. Wamekuletea umuuguze. Wa kwako wamemweka rehani."

"Tumwite shehe, mama."

"Mwite. Ila mimi sijaona mgonjwa akifukuzwa akapona."

Shehe alikuja, akasoma. Mtoto alisoma pamoja naye, bila kukosea, akimtangulia kidogo. Shehe akafunga msahafu, akavaa viatu vyake, akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Mpakeni asali."

Wakampaka. Mongia akatoka uani, akapiga magoti kwenye tundu, akaita jina la binti yake kwa sauti ya chini wageni wasisikie, akaita tena, akatia mkono hadi begani na kupapasa jiwe lenye utelezi ambalo lilikuwa bado na joto ingawa maji yalikwisha kwenda zamani, na alipouchomoa mkono aliona vidole vyake vina asali, ile ile aliyokuwa amempaka mtoto aliyemwacha jikoni.

"Mama," alimuuliza Lella Dalila, "huyu akipona, wangu atarudi?"

"Kama mama yake wa huko chini ataridhika kuwa amepona."

Kuskusi ikapakuliwa. Hédi, mumewe, aliyekuwa ametoka kuwasaidia wageni na mizigo, aliketi amechoka na kutupa macho kuzunguka meza, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Mama yupo. Wageni wapo. Yosra yupo. Bismillahi, tuleni."

Wote waliitikia isipokuwa mtoto. Alikuwa ameitazama sahani yake bila kuigusa. Kisha akajisogeza, akaegemeza kichwa kwenye mkono wa Mongia.

"Ni cha moto," alinong'ona. "Nipulizie."

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Kutoka tunduni, kwa mbali, sauti nyembamba ilikuwa ikieleza kwamba ngome ilijengwa kabla ya bandari. Ikanyamaza. Samahani, ikasema, ni baada.

Mongia akaivuta sahani ya mtoto karibu, akaanza kupuliza.