Aliyegeuka Upenyoni

Kila mmoja alishika mguu mmoja wa raba zilezile nyeupe, katikati ya kelele za soko la mitumba la Majengo, na hakuna aliyetaka kuachia.

"Kaka, hizi za kike."

"Dada, hizi ni namba arobaini na mbili. Hebu nionyeshe huo mguu wa kike."

Dorine alicheka mpaka akaachia. Ndivyo alivyomjua Aidan, fundi umeme aliyelelewa na bibi yake huko Namtumbo, kijana ambaye shati lake lilipigwa pasi hata siku ya kutambaa darini. Tangu hapo simu hazikukatika. Akitoka darasa la jioni, Dorine anamkuta Aidan getini anamsubiri.

"Mwanafunzi wangu, umefaulu?"

"Nimefeli. Nilikuwa nakuwaza wewe."

Mambo yakawa matamu, na kila yalivyozidi utamu ndivyo Dorine alivyozidi kukosa usingizi, kwa sababu Aidan hakujua kuhusu Adela. Adela alikuwa mwanawe wa miaka miwili. Baba yake alihama mji hata kabla hajazaliwa, na namba yake ya simu ikahama naye. Dorine alishajaribu kumwambia Aidan, mara kwenye simu, mara uso kwa uso, akaishia kumuuliza habari za kazi.

Mwisho akapanga matembezi. Jumapili baada ya misa waende majabalini, nje kidogo ya mji, mwendo mfupi ambao watoto wa shule huumaliza wakiimba. Yeye na Aidan wangeingia kwa upande wa barabarani. Mama yake, Bi Aurelia, muuza vitenge aliyekuja Songea kutoka Moshi zamani, angeingia na mjukuu kwa upande wa pili. Wakutane katikati. Aidan amwone mtoto kwa macho yake, basi, kama ni kuvunjika kuvunjike.

"Kuna watu wangu nataka uwaone," ndicho alichoweza kumwambia.

"Marafiki zako? Wananisema vibaya?"

"Utawaona."

Alivaa gauni la kitenge cha njano, la kiuno chembamba, na njiani alilivuta mara kwa mara kana kwamba lilikuwa linambana. Msitu uliwafunika mapema. Miti ilikuwa imeota juu kabisa ya miamba ya mchanga na kuteremsha mizizi yake ukutani kama kamba. Ukipitisha kiganja, mwamba unakuachia vumbi jekundu. Kisha kuta zikasogeleana, anga likabaki utepe, na wakalazimika kutembea mmoja mbele, mmoja nyuma, mabega yakikaribia kugusa jiwe pande zote mbili.

"Mbona mkono wako wa baridi, mpenzi?" Aidan aliuliza bila kugeuka.

"Humu kuna baridi."

"Unatembea kama unapelekwa kwa mwalimu mkuu."

Mbele, upenyo ulipokunja kona, Bi Aurelia alijitokeza na kilemba chake kikubwa, Adela kafungwa mgongoni, kichwa kikichungulia begani.

Aidan alisimama kama aliyeona nyoka. Akashusha kofia usoni, akageuka, akajibana ukutani akampita Dorine bila neno, shati likikwaruza mwamba. Sekunde ile tu hakuonekana. Zilisikika hatua zake, nazo zilikuwa za mbio.

"Ndiye huyo?" Bi Aurelia aliuliza.

"Mama, usiseme kitu."

"Sisemi. Ila ameona mtoto, na miguu imejibu."

Dorine alijaribu kupiga simu. Humo ndani mtandao haukuwepo. Alitangulia kutoka, macho hayaoni vizuri, akimsikia Adela nyuma akiimba kawimbo kake kasikoeleweka. Walipofika uwazini simu ikalia.

"Dorine, mama ameshapita?"

Sauti ilimfikia mara mbili, simuni na nyuma ya jabali lililokuwa hapo kando ya njia.

"Umenikimbia, Aidan."

"Sijakukimbia wewe. Yule si mama yako? Sura ni hiyohiyo. Kwetu mwanaume hasimami uso kwa uso na mama mkwe njiani. Unaiacha njia, unaingia porini mpaka apite. Bibi kanikuza hivyo. Sasa mle ndani ningeingia pori gani?"

"Mama mkwe wa nani?"

"Wangu," Aidan alisema. "Nilitaka nikuombe uchumba leo, kwa utaratibu. Nimeharibu."

Dorine alimtazama Adela.

"Mtoto aliye mgongoni kwa mama, ulimwona?"

"Nilimwona. Mdogo wako?"

"Nimemzaa mimi. Nilikuficha, Aidan, kwa kuogopa utanigeuzia mgongo kama ulivyogeuka mle ndani."

Dorine aliibana simu sikioni mpaka sikio likauma. Upepo ulipita juu ya miti, ukapita tena.

"Anaitwa nani?"

"Adela."

"Ungeniambia, Dorine. Imeniuma, sitakudanganya."

"Najua."

"Ameshakula?"

"Bado."

"Basi tusimkalishe na njaa. Tatizo sijui natokaje hapa."

Bi Aurelia, aliyekuwa amesikia yote bila msaada wa simu, alishika kiuno.

"Mwambie ajitokeze nimwone. Kwetu Moshi mkwe anapikiwa mtori wa ndizi, hajifichi kama mwizi wa kuku."

"Hawezi, mama. Akijitokeza ni kama amesema wewe si mkwe wake."

Bi Aurelia alilitazama lile jabali, akamtazama binti yake. Kisha akageuka taratibu, akaelekeza uso kule bondeni mabati ya mji yalikokuwa yaking'aa, Adela mgongoni akabaki upande wa jabali.

"Haya. Mimi natazama mji. Mgongo wangu umebeba tangu asubuhi, aje auchukulie mzigo."

Nyasi zikachakarika. Aidan alitoka, kofia mkononi, akaja kwa hatua za mtu anayeingia kanisani amechelewa. Bi Aurelia akalegeza fundo la khanga kifuani bila kugeuka, na Adela, baada ya kumkagua mgeni juu mpaka chini, akanyoosha mikono.

"Usimwangushe," Bi Aurelia aliuambia mji.