Uamuzi Usio na Jina

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Januari, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Ingrid Tveiten, karani wa sheria, aliposikia harufu ya ngano iliyoungua ofisini kwa bosi wake, Jaji Halvor Brekke. Hakukuwa na moto. Theluji ilifika madirishani. Mezani pa Ingrid palikuwa na faili la zamani ambalo hakulitoa yeye, na chini ya ukurasa wa mwisho paliandikwa "Imeandikwa na", kisha mstari mtupu.

Uamuzi uliokuwa ndani ya faili haukuwahi kuwa na mstari kama huo. Ulikuwa wa aina ile ambayo majaji saba huitoa kwa jina la mahakama, bila hata mmoja kutia sahihi, ili lawama ikose mlango wa kubisha.

"Jaji, hili faili ni la Loretta Haugen," alinong'ona.

Jaji alikuwa ameanza kazi kama mwendesha mashtaka wa wilaya, akapanda ujaji, akachaguliwa kwa kura mara tatu Mahakama ya Juu ya jimbo. Ijumaa angestaafu, picha yake itundikwe ukumbini.

"Yule mchoma ghala? Si alifia gerezani Novemba?"

"Ndiyo."

"Basi masijala wanakutania, binti. Rudisha."

Alilirudisha mara mbili. Mara mbili alilikuta mezani, karatasi zina joto kama mkate.

Aliujua uamuzi ule neno kwa neno, kwani rasimu aliiandika yeye, miaka mitatu nyuma. Loretta alifungwa kwa kuchoma ghala la ngano mumewe akiwa ndani, na uamuzi ule ulikataa rufaa yake. Kwenye ukurasa wa arobaini na moja wa kumbukumbu za kesi, mchungaji aliapa kwamba saa ile Loretta alikuwa kanisani, akimenya viazi vya karamu. "Huo uache," Jaji alimwambia, uchaguzi ukiwa wiki tatu mbele. "Wapiga kura wa kule wameshamhukumu." Akauacha nje ya rasimu.

Saa kumi na nusu giza la kipupwe lilishuka, na nyuma ya makabati ya sheria ukaanza mkwaruzo, kama kalamu kavu inayotafuta wino, ukapita kabati hadi kabati, ukapanda ukutani, ukashuka nyuma ya kiti cha Jaji, na harufu ya ngano ikazidi hadi machozi yakawatoka.

"Nani aliandika?" Sauti ya mwanamke, kavu.

"Usijibu," Jaji alinong'ona. "Uamuzi wa mahakama hauna mwenyewe."

"Nani?"

Moshi ulichomoza kwenye kola ya Jaji. Akamnyooshea Ingrid kidole. "Huyu hapa. Mimi nilisoma tu."

Mkwaruzo ukahama. Ukaja mezani kwa Ingrid, na juu ya ule mstari zikajichora I, kisha N, kisha G, nyeusi kama masizi, na kila herufi ilipokamilika pumzi yake ilipungua, hadi ikawa uzi.

"Na nani alikwambia uuache ukurasa ule?"

Ingrid akamgeukia Jaji.

"Utaandika," ile sauti ikasema sikioni mwake. "Kesho, masijala wakifungua."

Asubuhi iliyofuata, saa mbili kamili, Ingrid alisimama dirishani kwa masijala na lile faili. Zile herufi tatu hazikuwepo tena. Juu ya ule mstari akaandika Halvor Emil Brekke, kamili, kama kwenye mabango yake ya kura, akahakiki tahajia, akaomba muhuri.

Ghorofani Jaji alianza kukohoa, kikohozi cha mtu aliyefungiwa ndani ya moshi.

Chini ya muhuri mstari ukarefuka taratibu, kiasi cha jina moja zaidi.

Ingrid akafunika kalamu bila kuliandika lake.