Katoni ya Muthokoi

Mulei alianza kwa kuukataa mkono wa kulia.

Alikuwa mtoto mchanga asiye na makuu, wa kunyonya na kulala, lakini jioni ile mama yake, Mwongeli, aliporudi kutoka kazini na kumnyooshea mikono, alikubali wa kushoto tu. Wa kulia ulipomgusa shavu alikunja uso kama mzee aliyeonja dawa chungu, akageuza kichwa, akatapika.

"Umeshika nini huko?" akauliza Syokau, mama mkwe wa Mwongeli, ambaye ndiye aliyeshinda na mtoto.

"Mishiri tu, Mwaitu," akajibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Na tepu."

"Mishiri hainuki hivyo. Nawa."

Alinawa kwa sabuni, akanawa kwa ndimu, akajisugua kwa jivu mpaka ngozi ikawasha. Harufu ilijificha kidogo, mkono ulipokauka ikarudi: kama nyama iliyosahauliwa juani ndani ya mfuko wa nailoni, kisha mtu akaimiminia marashi ili wageni wasijue. Marashi yenyewe ndiyo yaliyomchefua zaidi. Uozo ni uozo, kila mtu anaujua, lakini uozo uliojipamba una jambo unalolitafuta.

Mwongeli alifanya kazi chini ya vilima vya Kilungu, katika ghala la kupakia mishiri, yale maharagwe mabichi yanayosafirishwa kwa ndege kwenda ng'ambo. Ghala lilikuwa na kibali cha kukagua mizigo yake lenyewe. Kila katoni ilipita ndani ya mashine ya eksirei, yeye akitazama skrini. Akiridhika, aliifunga kwa tepu ya buluu. Tepu ile ilikuwa neno lake: nimetazama ndani, hamna baya. Lori lilipigwa lakiri, na huko Nairobi katoni hazikufunguliwa tena. Zilinuswa na mbwa tu, zikapandishwa ndegeni. Rubani asiyemjua wala kumsikia aliruka angani kwa kuyaamini macho ya Mwongeli, na Mwongeli aliijua heshima hiyo, akaitunza kama anavyotunza mtu nguo ya kanisani.

Mpaka alipokuja Kavata.

Kavata alikuwa na duka kubwa kuliko yote sokoni, na kanisani akiingia watu walisogeana kwenye benchi bila kuambiwa. Mwongeli alipojifungua, Kavata ndiye aliyewaongoza kina mama kuja kumwona mtoto, akamfulia nguo za damu kwa mikono yake mwenyewe. Sasa alisimama kwenye lango la ghala, jasho likimtiririka, amekumbatia katoni iliyofungwa kwa kamba.

"Mwongeli, mwanangu, ni muthokoi kidogo tu ya kijana wangu Munyao. Si anafanya kazi kwa ile store mnapeleka mishiri huko majuu? Ataitoa hapo hapo."

Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa, na hakuna mtoto wa Ukambani asiyeyakumbuka akiwa mbali. Sheria ilisema kila kitu kipite mashineni. Lakini utapitishaje chakula cha mama wa kanisa mashineni naye amesimama anakutazama, kama vile umemshuku wizi? Kumkagua mtu kama yule ni kumtukana. Waswahili walisema heshima si utumwa, ila siku ile Mwongeli hakuwakumbuka. Aliinyooshea katoni mkono wa kulia.

"Umeipokea?" Kavata akauliza.

"Nimeipokea, Mama."

"Hutaki kuangalia ndani?"

"Aka, Mama! Wewe tena?"

Kavata akageuka, akaondoka mbio, yeye ambaye hata mvua ya mawe haikuwahi kumkimbiza. Mwongeli alicheka moyoni, akabandika tepu ya buluu, akaichomeka katoni katikati ya mishiri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kesho yake, baada ya ule usiku wa kunawa, Ngure, meneja wa ghala, alimwita nje. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Katoni yetu moja imerudishwa. Mbwa wa pale airport ameinusa akatapika, akalala chini, mpaka sasa hataki kusimama. Kwa karatasi ni mishiri, kwa mashine yao ni nafaka. Na tepu ni yako."

Mwongeli akauficha mkono wa kulia nyuma ya mgongo.

"Ingekuwa si huyo mtoto wako mchanga, ningekufuta leo," Ngure akasema kwa sauti ya chini, akijiziba pua. "Aliyefunga ndiye anafungua. Ipitishe kwa mashine kwanza."

Akaipitisha. Kwenye skrini chakula huonekana kwa rangi ya chungwa, na kweli kulikuwa na chungwa tupu, punje juu ya punje. Katikati yake palikuwa na kitu cheusi kilichojikunja, kimemgeuzia mgongo. Mwongeli alidhani ni tambara. Akairudisha katoni, akaipitisha mara ya pili, na safari hii kile kitu kilikuwa kimegeuka, kimemwelekea yeye, na zile punje zilizokuwa zimetawanyika zilikuwa zimejipanga safu mbili, ya juu na ya chini, kama meno ya mtu anayetabasamu akiwa amefumba macho.

Akakata tepu. Mvuke ulimpanda usoni. Muthokoi ilikuwa na joto, laini, yenye utelezi, na alipoichota kwa kijiko cha plastiki ilivutika kwa nyuzi za mate, mate kabisa, mazito, yenye mapovu, kana kwamba kuna kinywa kilichokuwa kikiyatafuna mahindi yale na kuyatema, kuyatafuna na kuyatema, tangu yalipotoka huko Kavata alikoyatoa. Kitu cheusi hakikuwamo. Mwongeli alikimbilia nje, akatapika ukutani mpaka nyongo.

"Iweke kwa chumba ya vitu zimekataliwa," Ngure akasema kutoka mbali. "Na kesho uitoe hapa."

Jioni alikuta Mulei ameukataa na mkono wa kushoto. Akalikataa titi. Mwongeli alipojikamua, maziwa yalitoka ya kijivu, yameganda mabonge, yananuka marashi. Syokau aliyamwaga nje, na kuku aliyeyadonoa alisimama kama aliyesahau kitu, kisha akaanza kujing'oa manyoya. Zahanati walisema ni tumbo, wakatoa dawa ya tumbo. Mtoto alizidi kunywea, macho yakibaki makubwa peke yake.

Kisha zikaja sauti za kulamba. Giza lilikuwa limeanza kuingia, Syokau yuko zizini, na Mwongeli akasikia jikoni ulimi ukipita juu ya sufuria, taratibu, kwa ulafi, kama ng'ombe alambaye chumvi. Akadhani ni paka, akaita, sauti ikanyamaza. Akasikia inalamba mlango, akasikia inalamba sakafu ya ukumbini, ikija, inapumzika, inakuja, na alipopata nguvu za kuinuka na kukimbilia chumbani alimkuta Mulei ameketishwa, mtoto asiyejua bado kuketi, ametulia kimya kabisa, na nywele zake laini zimelowa tepetepe, zimelazwa zote upande mmoja, zinanuka.

Alipiga yowe. Syokau akaja, akaziona nywele, akavuta kigoda.

"Mama Mulei, mimi nimeokoka, lakini nilizaliwa nyumba ya mundu mue, mganga. Kaka yangu alitibu watu hii vitu ya Mombasa, majini ya kuleta pesa. Sema ukweli. Ni nani amekupatia kitu ukakipokea bila kuangalia?"

Mwongeli akalia, akaeleza yote.

"Asi! Kavata!" Syokau akatema mate. "Na vile anatoa sadaka! Sikiza. Hiyo kitu haiwezi kuhama yenyewe. Inahamia mkono wenye umeipokea bila kuitazama. Na haipendi kutazamwa. Uirudishe mchana, jua ikiwa utosini, ufungue mbele yake, uonyeshe kila kitu, na yeye aseme ni yake. Asiposema, tutamzika huyu mtoto."

"Nimwambie Kisilu?" Kisilu alikuwa mumewe, fundi wa mawe, ana kazi ya mjengo mjini Wote na hurudi mwisho wa juma.

"Umwambie uliuza jina lako kazini? Atajua ukitaka."

Hakumwambia. Aibu ilimziba mdomo, na aibu hiyo ndiyo iliyomponza.

Adhuhuri ya kesho yake waliingia dukani kwa Kavata, Syokau akiwa na mtoto mgongoni. Mwongeli aliiweka katoni, aliyoitoa ghalani asubuhi, juu ya kaunta, kwenye miale ya jua iliyoingia mlangoni, akavaa glavu zake za kazi. Kazi aliijua.

"Huu ni mzigo wa nani?" akauliza, kama anavyouliza kila siku.

"Itoe hapa," Kavata akanong'ona. "Nakuomba, mwanangu. Ilikuwa ivuke bahari tu. Munyao aliacha ile kazi zamani, hakuna mtu angeipokea. Ingepotelea huko kwa wazungu."

"Na watu walio kwenye ndege, je?"

Mwongeli akamwaga yaliyomo juu ya kaunta, akayatenga kwa vidole, akitaja kila alichokiona: punje, mate, kucha, tambara, kichwa cha jogoo chenye macho yaliyo hai. Nzi waliokuwa dukani wote walitoka nje kwa pamoja. Chini ya kaunta kitu kilianza kulamba.

"Walisema italamba sakafu tu," Kavata akalia. "Biashara ilikuwa imelala, nikaenda Mombasa nikainunua. Ililamba sakafu, wateja wakajaa. Halafu ikalamba ndama. Halafu mzee wangu. Sasa inalamba mimi." Akavua kiatu. Unyayo wake ulikuwa umekwisha, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, na chini yake nyama nyekundu ikipumua. Mwongeli akauliza tena.

"Huu ni mzigo wa nani?"

Mgongoni mwa Syokau, Mulei akatoa sauti nyembamba, kama mlango unaofungwa polepole.

"Sema, shetani wewe!" Syokau akafoka. "Uilishe hiyo kitu mjukuu wangu?"

"Ni wangu," Kavata akasema, akifunika uso. "Ni wangu."

Kulamba kukakoma. Mulei alilia kilio cha njaa, cha kawaida, kizuri, na Mwongeli aling'oa glavu, akamnyonyesha pale pale mlangoni mwa duka, maziwa meupe yakimtiririka mtoto kidevuni. Hakuna aliyemhurumia Kavata. Wala hakuna aliyejiuliza atafanya nini.

Jumapili Kisilu alikuwepo, amenyoa ndevu, ana furaha ya mtu aliyemkuta mtoto wake amenenepa. Syokau alibaki nyumbani, mguu ukimuuma. Mwongeli aliketi nyuma na kina mama wenye watoto, Kisilu mbele na wanaume, na ibada ikaenda vizuri mpaka mnada wa matoleo, pale vitu vilivyotolewa sadaka vinaponadiwa: maboga, mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Mzee Muindi, mnadishaji, alijaa utani siku ile.

"Hii imeletwa na mama yetu Kavata," akasema, akiinua katoni mpya iliyofungwa kwa utepe. "Hajaweza kukaa, miguu inamsumbua. Amesema ni baraka ya nyumba yenye mtoto. Nani ananunua bila kufungua? Ya Bwana haichunguzwi!"

Kanisa likacheka. Kisilu akainua mkono.

Harufu ikamfikia Mwongeli juu ya vichwa vya watu wote, marashi kwanza, kisha kile kilicho chini ya marashi. Akasimama.

"Fungueni kwanza!" akapiga kelele. "Kisilu, usiishike! Fungueni muone!"

Vichwa viligeuka. Mwanamke mmoja akaguna, mwingine akaziba mdomo kwa kitambaa. Mzee Muindi akatabasamu kwa subira.

"Mama Mulei, hapa si airport."

Kicheko kikatikisa mabati. Kisilu aliona haya, haya ya mume ambaye mkewe amemkosea adabu mama wa kanisa mbele za watu, akaenda mbele kwa haraka ili amalize, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nimeipokea," akasema kwa sauti, kila mtu asikie.

Mwongeli alihisi Mulei analiachia titi. Alimvua kofia ya sufu polepole, akijua tayari. Nywele zilikuwa zimelowa, zimelazwa zote upande mmoja.