Hamda Apanda Ghorofani

Hamda alikuwa mpishi wa visheti wa Mkunazini, Mji Mkongwe. Kila asubuhi alikanda unga, akavikunja visheti vyake, akavikaanga, kisha akavitia shira. Majirani walivipenda visheti vyake. Walikipenda zaidi kicheko chake. Akicheka yeye jikoni, mtaa mzima hucheka bila kujua sababu.

Masika ya mwaka 1998 yalikuja na mvua kubwa. Alasiri moja Hamda alikwenda kumtazama shoga yake, aliyekaa ghorofani katika nyumba kongwe. Wakiwa huko juu, ghafla ukuta uliporomoka. Mawe na chokaa vilimfukia Hamda mpaka kiunoni. Watu walikimbilia, wakawatoa wote wawili. Shoga yake aliteguka mguu, akapona. Hamda hakuvunjika hata kidole.

"Alhamdulillahi," alisema mumewe, Himid. "Yamekwisha."

Lakini hayakwisha. Mvua ikianza, moyo wa Hamda ulikwenda mbio. Aliuacha unga, akakimbilia mlangoni. Ngazi hakuweza kuzipanda tena. Chumba chao kilikuwa juu, naye akahamia chini, akalala kwenye jamvi karibu na jiko. Kicheko kikapotea. Watu wakaanza kunong'ona kuwa amepandwa na shetani.

Kisha binti yao, Basma, akaposwa. Nyumba ikajaa furaha. Sherehe ya wanawake ilipangwa kufanywa ghorofani kwa shangazi yake Basma.

"Mwanangu," alisema Hamda, "mimi ntakaa chini, nipike."

"Basi na mimi ntakaa chini," Basma alijibu. "Nipambwe jikoni, ninuke vitunguu."

Hamda alitabasamu, kisha machozi yakamtoka.

"Mama, tuihamishe sherehe," alisema Basma.

"Hapana. Leo tutahamisha sherehe. Kesho tutahamisha nini?"

Jirani yao Sukaina alikuwa nesi. Kila Jumamosi, baada ya alasiri, aliwakusanya wanawake katika chumba cha skuli, akawafundisha kutuliza mwili na akili. Hakutoza chochote. Basma akaenda kumwita.

"Hodi!"

"Karibu, nesi. Niambie kweli, nnapata wazimu?"

"Huna wazimu, Bi Hamda. Mwili wako uliona hatari, ukajifunza kuogopa. Hatari imeondoka, lakini mwili haujapata habari. Tutaupa habari, taratibu."

"Kwa dawa gani?"

"Kwanza kwa fundi."

"Fundi?"

"Ndiyo. Pumzi haizuii ukuta kuanguka. Nyumba ya wifi yako itazamwe kwanza."

Fundi Mkadam akaitwa nyumbani kwa wifi. Aligonga kuta, akakagua boriti, akapanda mpaka darini. "Nyumba hii ni nzima," alisema. "Chezeni ngoma mpaka mchoke."

Jumamosi Hamda alikwenda skuli. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye jamvi. Mmoja alifiwa na mtoto. Mwengine nyumba yake iliungua moto.

"Hii ibada gani?" Hamda aliuliza.

"Si ibada, wala si uganga," alijibu Sukaina. "Sala zako ziko pale pale. Hapa tunajifunza kuwapo tulipo. Sikilizeni nyayo zenu sakafuni. Vuteni pumzi polepole. Itoeni polepole zaidi. Akili ikikimbia, msiigombeze. Irudisheni tu."

Hamda alifumba macho. Akaliona vumbi la chokaa. Akashtuka, akataka kukimbia.

"Yafumbue macho," Sukaina alimwambia kwa upole. "Si lazima kuyafumba. Tazama humu ndani. Taja unachokiona."

"Dirisha. Ubao. Jamvi. Bi Abeer... Bi Abeer anakoroma!"

Abeer alizinduka. "Sikoromi! Nnatulia!"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Hamda alicheka mpaka akashika mbavu.

Hakupona siku ile. Siku nyengine khofu ilirudi kwa nguvu. Usingizi ulipomkataa kabisa, Sukaina alimpeleka kwa daktari. "Darasa ni msaada," alisema. "Hospitali pia ni msaada. Usichague kimoja."

Nyumbani, Hamda alianza kupanda ngazi kidogo kidogo. Akiogopa, alikaa pale pale, akaisikiliza pumzi yake. Himid alikuja na kahawa, akakaa naye.

"Twende juu zaidi?" Himid aliuliza.

"Leo hapa panatosha."

"Basi tunywe hapa."

Jirani aliyepita mlangoni aliwaona. "Kumbe maharusi wenyewe ni nyinyi!" alipiga kelele.

Siku ya harusi ikafika. Hamda alimshika Basma mkono, wakapanda pamoja mpaka juu. Wanawake walijaa ukumbini. Udi ulinukia. Mara mvua ikaanza kupiga bati.

Ngoma ikanyamaza. Wote walimtazama Hamda.

"Nnaogopa," alimnong'oneza wifi yake.

"Tushuke?"

"Hapana. Nipe nafasi kidogo."

Alikanyaga sakafu barabara. Akaisikia baridi yake. Akavuta pumzi, akaitoa polepole. Aliusikia moyo wake ukienda mbio, akauacha. Aliutazama mkono wa mwanawe uliopambwa hina, maua yote, moja moja. Khofu ilikaa, kisha ikapungua.

Hamda akainua kichwa. "Mbona mmenyamaza?" aliuliza. "Harusi au matanga haya?"

Akapiga kigelegele kirefu. Wanawake wakamjibu kwa vigelegele, ngoma ikarudi, na mama wa biharusi akaingia kati kucheza.

Sasa Hamda analala chumbani kwake juu. Jumamosi huwahi skuli, akakaa karibu na mlango kuwapokea wageni. Siku moja mwanamke mgeni aliyesikia habari zake alisimama pale, akisita kuingia.

"Wewe ulipona kabisa?" aliuliza.

"Mvua ikinyesha, moyo wangu bado unaijua," alisema Hamda. "Lakini siku hizi haunikimbizi. Njoo, mwanangu. Kaa hapa kando yangu."