Seli Zilizokataa Kufa

Mirija yote ilikuwa sakafuni, barafu yake imeyeyuka. Mtungi wa naitrojeni kimiminika uliokuwa ukiigandisha ulikuwa wazi, na kufuli lake halikuwa limevunjwa. Ndani ya mirija mlikuwa na seli za ngozi za msichana mgonjwa. Sasa hazikufaa kitu.

Inspekta alichuchumaa, akatazama bila kugusa. Kituoni walimwita Kupe, kwa sababu akishika jambo hang'oki. Alilipenda jina hilo kuliko cheo chake.

Wenye ufunguo walikuwa wawili: Daktari, mkuu wa maabara, na fundi wake, dada mmoja mkimya. Daktari hakuchelewa kumnyooshea fundi kidole. Alikuwa amemnyima likizo, akasema, na tangu siku hiyo dada huyo ana kinyongo. Fundi alijifuta machozi, akasema likizo ni kweli, kinyongo hana.

"Seli zenyewe ni za nani?" Inspekta aliuliza.

"Za mpwa wangu, mtoto wa dada yangu," alijibu Daktari. "Mitokondria zake ni dhaifu."

"Nieleze kama mtu aliyefeli sayansi. Nilifeli."

Tumpe haki yake, alieleza vizuri. Mitokondria ndizo jiko la seli. Huchoma chakula kwa oksijeni ili mwili upate nguvu, na katika kuchoma huko hutoka mabaki makali yanayounguza. Seli zenye afya huyasafisha na kukarabati palipoungua. Za msichana zilishindwa, kwa kasoro aliyoirithi kwa wazazi wote wawili, ndiyo maana misuli yake ilikuwa ikiisha. Daktari alikuwa na dawa mpya. Alizimwagia seli hizo haidrojeni peroksaidi kidogo, kemikali inayounguza kama mabaki hayo, kiasi cha kuua zilizo dhaifu tu, na zilizopewa dawa zikanusurika. Jumatatu mtoto angeanza kuimeza.

"Ina madhara?"

"Inaweza kuharibu ini. Lakini inafanya kazi."

"Nani mwingine amelirudia jaribio?"

Daktari alikohoa. Kamati ilikuwa imetaka sampuli ipelekwe maabara nyingine kwanza. Ilikuwa ichukuliwe leo, Ijumaa, na mhalifu kawahi. Inspekta aliona mhalifu huyu ana bahati ya ajabu.

Alimgeukia fundi, akamuuliza kama kweli hakuna hata seli moja iliyobaki.

Ilikuwepo sahani nzima. Wanaolisha seli kila siku huogopa ukungu, hivyo daima huweka sahani ya akiba katika kabati jingine la joto, chumba cha chini. Daktari alikuwa mkubwa sasa, kazi ya kulisha aliwaachia wadogo, na desturi hiyo ilikuwa imemtoka kichwani. Uso ulimshuka.

"Zimwagie hiyo kemikali," Inspekta alimwambia fundi. "Dawa usiweke."

Asubuhi seli zilikuwa hai, zimetulia kana kwamba zimemwagiwa maji ya kunywa.

Zilikuwa nzima, basi, na hazikuwa za msichana. Inspekta aliipeleka sahani kwa wataalamu wa vinasaba wa polisi, akawasumbua kwa simu hadi wakamjibu Jumapili. Seli ni za mwanamume. Lakini vinasaba vya mitokondria, ambavyo mtu huvirithi kwa mama yake tu, vilikuwa sawa na vya mama wa msichana. Mama huyo alikuwa na kaka mmoja.

"Kunja mkono wa shati," Inspekta alimwambia Daktari katika chumba cha mahojiano.

Kovu lilikuwa upande wa ndani wa mkono, dogo, bado jekundu.

"Za kwake ziliwahi kuwepo?"

"Ziliwahi. Zikaingia ukungu, zote. Sikuwa nimegandisha hata moja. Nikaweka zangu. Nilijua kamati ikizipima, mitokondria zitafanana na zake. Waliposema jaribio lirudiwe, nikaufungua mtungi."

"Kwa nini hukukata ngozi nyingine?"

"Siku ile alilia sana, Afande. Nilimshika mkono, nikamwahidi hatakatwa tena. Na dada yangu alikuwa ananipigia kila jioni kuuliza kama kuna matumaini. Siku moja nikasema yapo. Baada ya hapo sikujua pa kurudia."

"Ungempa mtoto sumu ili usimwone analia."

Inspekta alikuwa na hasira, na hakujisumbua kuificha. Kwenye korido dada mtu alikuwa akisubiri na binti yake, wamekuja kuuliza kama mhalifu amepatikana. Inspekta akaufungua mlango.

"Waambie mwenyewe."

Akawaambia. Dada yake alisikiliza hadi mwisho.

"Kidonda kile kilipona, kaka," alisema. "Shuleni alikuwa anawaonyesha wenzake kovu, anawaambia Mjomba ndiye aliyemshika mkono."

Msichana alikuwa amejiegemeza begani mwa mama yake. Taratibu, maana hata hilo lilimchosha, alipandisha mkono wa sweta.

"Nikateni tena," alimwambia Inspekta. "Ila safari hii anishike mama."