Mmea wa Upande wa Baba

Udongo wa chungu cha mmea kilichokuwa kushoto mwa kitanda ulikuwa umelowa, na Mama Chiriku hakuwa ameutia maji. Akaubonyeza kwa kidole, akanusa. Akajiambia labda ndivyo ulivyo, mimea nayo ina visa vyake. Jamani, asiyetaka kuogopa hakosi sababu.

Mama Chiriku alikuwa mwoka mikate kiwandani. Usiku alikesha mbele ya tanuri, mchana akalala nyuma ya mapazia mazito. Tangu mumewe, fundi viatu, alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, usingizi ulimkimbia na hewa ya chumba ikabaki ileile ya mgonjwa. Mwenzake wa kazini akamwambia, weka hata mimea miwili, chumba kipate uhai.

Basi akaenda kwa bibi muuza miche, na binti yake wa miaka saba kamshika mkono. Jina la Chiriku alipewa na baba yake, maana mdomo wake haukuwa na likizo. Mama akainua mrihani.

"Weka chini," bibi akasema. "Huo unataka jua. Chumbani kwako lipo?"

"Nafunga mapazia, bibi. Mchana ndio usiku wangu."

"Basi utauzika kabla hujauzoea. Chukua mshubiri, huo hauna madeko. Mnalala wangapi?"

Mama akageukia vyungu vingine.

"Nisikilize, mwanangu. Mmea wa chumba cha kulala unapewa mwenyewe. Unawekwa upande wake, unazoea pumzi yake. Ukikosa mwenyewe, unaalika mwingine. Kwa hiyo usinifiche. Wangapi?"

Chiriku alikuwa amemwinulia macho. Siku ya maziko alikuwa kwa bibi yake mzaa mama, na aliporudi aliambiwa baba kapata kazi mbali. Mama alikusudia uongo ule uwe wa jioni moja tu, apate nguvu, kesho aseme kweli. Kesho ikazaa kesho nyingine.

"Wawili," akasema. "Mimi na baba yake. Yuko safarini."

Bibi akamtazama sana, kisha akamfungia mishubiri miwili.

Ule wa kulia, wa mama, ulianza kunyauka mapema. Wa kushoto ulinenepa, majani yakainama juu ya mto wa marehemu. Halafu ikaja harufu ya gundi ya viatu. Mama aliijua harufu ile, aliifua miaka na miaka kwenye mashati ya mumewe. Badala ya kukimbia akazika uso katika ule mto, akalia kwa furaha, maskini, na aliposikia mtu akipumua kando yake akauliza kwa sauti ndogo, "Umerudi?"

Godoro likabonyea.

Siku chache alilala kama mtoto mchanga. Lakini aliamka kachoka kuliko alivyolala, kifua kimembana, ngazi za kiwandani zikimshinda. Ndipo alipoanza kuisikiliza vizuri ile pumzi. Mumewe mwisho wake hakuvuta hewa bila kukohoa. Hii haikukohoa. Ilikuwa ndefu, ya majimaji, haina haraka, na kila ilipoingia, yeye alipungukiwa.

Alasiri moja Chiriku akasimama mlangoni na sare ya shule, akinong'ona.

"Mama, baba anasema leo nilale katikati yenu."

"Anasema wapi?"

"Kwenye majani. Anasema mimi nina pumzi nyingi."

Akamkokota mtoto hadi kwa jirani, akakimbia kwa muuza miche.

"Nilikuuliza mara mbili," bibi akasema, wala hakugomba.

"Niutupe?"

"Utatupa chungu, jini atabaki. Aliingia kwa ulimi wako, na atatoka kwa ulimi wako. Sema mwenye upande ule yuko wapi. Na aliyeusikia uongo, aisikie na kweli."

"Bibi, nitamvunja moyo mwanangu."

"Utamvunja. Ila atakuwa hai."

Mdomo uliponza kichwa, na sasa ulitakiwa kukikomboa. Mama akamchukua mtoto, akaingia naye chumbani. Harufu ya gundi ilikuwa nzito hadi machozi yakawatoka, majani yalikuwa yakipanda na kushuka ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, shuka la upande wa kushoto likavimba taratibu kama lina mtu anayejigeuza kuwatazama, na kabla mama hajafungua kinywa ikatoka sauti, yake hasa, ya fundi viatu, yenye kile kicheko kidogo kilichomwoa, ikisema:

"Mke wangu, usiseme. Ukinyamaza, nabaki."

Ee Mola, alitamani kunyamaza! Angetoa pumzi zake zote, abaki na sauti ile. Lakini aliona mkono wa Chiriku umeanza kunyooka kuelekea kitandani.

Akaudaka.

"Baba yako amekufa," akasema. "Hayuko safarini. Tulimzika ukiwa kwa bibi yako. Upande huu hauna mtu. Nalala peke yangu."

Shuka likatua. Kitu kikapita kati yao, baridi, kikavuma kwenye mapazia, kikatoka. Mshubiri ukalala chali juu ya chungu chake. Harufu ya gundi ikaondoka, na hapo ndipo mama alipojua kwamba mumewe amekwenda.

Chiriku hakulia.

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Niliporudi, viatu vyake vya kazi vilikuwa mlangoni. Vyote viwili. Baba hawezi kusafiri bila viatu. Nikanyamaza ili usilie."

Mama akapiga magoti, akamshika mabega.

"Na huyu nilijua si baba," mtoto akaendelea polepole. "Hakuniita Chiriku hata siku moja. Lakini sauti ilikuwa yake, mama. Akasema ana kiu. Maji nilikuwa nampa mimi."

Mama akamvuta, akafungua mapazia, jua likaingia. Wakakaa ukingoni mwa kitanda, upande wa kulia, wakabanana hapo, wakamlilia fundi viatu kwa sauti, pamoja, kwa mara ya kwanza.