Mstari wa Nne wa Hukumu

Enyi waungwana mlioketi, nanyi mliosimama kwa kukosa viti: wakubwa nawaamkia, wadogo naipokea salamu yenu kabla hamjaitoa. Naomba masikio. Makofi msinipigie, nikifika mwisho mtajua kwa nini.

Nilipewa kazi na ofisi ya utalii ya nchi moja ndogo, nchi ambayo mwenye baiskeli nzima huivuka kabla jua la asubuhi halijakolea. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika kijitabu cha vivutio vyake vya ajabu na vya kale. Nilikwisha kuandika habari za ngazi ya mawe isiyofika popote, na za gereza la chumba kimoja, ambamo mfungwa wa mwisho ndiye aliyekuwa akitunza funguo. Kilibaki kivutio kimoja, Mahakama ya Kale, nayo hufungwa saa za magharibi.

Kaka yangu, fundi wa redio, alinipeleka kwa pikipiki yake. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi tisa, yuko nyumbani peke yake.

"Dakika kumi, mshairi," alisema akivua kofia ngumu. "Shemeji yako akishikwa na uchungu mimi sipo, atanizaa na mimi upya."

Tulipokewa na mama wa makamo aliyevaa sweta la kijivu, rundo la funguo kiunoni. Kazi ya kuongoza wageni aliirithi kwa baba yake. Ukumbi ulinuka nta na vumbi. Mlikuwa na mabenchi, na kiti kirefu cha hakimu, na kizimba cha mbao nyeusi kilichomfika mtu kiunoni. Kilango chake hakikuwa na kufuli.

"Mgeni mmoja husimama kizimbani," alieleza, "nami humsomea hukumu ya zamani. Watu wanapiga picha, wanacheka, wanakwenda zao."

Kaka alikwisha kuingia. "Mheshimiwa, nakiri! Redio ya jirani niliiua kwa makusudi!"

Mama yule alicheka. Mahakimu wa enzi hizo, alituambia, walihukumu kwa ushairi, na hukumu yao ilichongwa ubaoni nyuma ya kiti. Akavaa miwani, akasoma:

*Mshitakiwa simama, usikize hukumuyo,*
*Umetuvunjia wema, kwa mikono na kwa moyo,*
*Hapo ulipoegama, hapo zimekoma nyayo,*

Akavua miwani. "Basi. Karibuni tena."

Nilitazama ubao. Mahali pa mstari wa nne palichimbwa hadi ubao ukabaki na makovu.

"Na wa nne, mama?"

"Hausomwi, mwanangu."

"Unasemaje?"

"Sijui. Baba aliung'oa kwa tindo yake mwenyewe. Nilimuuliza mpaka anakufa. Alikuwa akigeukia ukutani."

Waungwana, mimi nimelelewa kwa mizani. Ubeti usio na kituo kwangu ni mtu aliyezibwa mdomo angali anasema. Vina vilikuwepo, mizani ilikuwepo, na mstari ukajitunga wenyewe ulimini mwangu. Nikautamka kwa madaha, nikimwelekea kaka:

*Kaa mpaka kiyama, hukumu yako ni hiyo.*



Nje, injini ya pikipiki ilikuwa ikipoa, tik... tik... tik... Nayo ikaacha.

Kisha kiti cha hakimu kikalia. Kwiii... kama kinavyolia kiti mtu mzito anapoinuka. Ikaja harufu ya wino mbichi.

"Umesema nini?" mama alinong'ona.

"Nimemalizia tu."

"Nani alikutuma umalizie?"

Kaka hakuwa akicheka tena. "Twende zetu, mdogo wangu. Giza linaingia."

Akasukuma kilango, akatoka. Akayapita mabenchi, akanipita na mimi. Nilisikia harufu ya jasho na petroli. Akavuka kizingiti. Nikamfuata. Nje palikuwa na pikipiki, na mtu hapakuwa.

Nikageuka.

Alikuwa kizimbani.

"Twende zetu, mdogo wangu," alisema. "Giza linaingia."

Nilimshika mkono, tukatoka pamoja. Mkono wake ulikuwa na joto. Kizingitini vidole vyangu vilifumbata hewa. Mara ya tatu nilimfunga kiunoni kwa mkanda wangu, nikauvuta kama mtu avutaye ng'ombe matopeni. Nilibaki na mkanda uliofungwa vizuri, na ndani yake hamna kitu.

"Ufute!" nilimlilia mama. "Ufute kama baba yako!"

"Nifute wapi, mwanangu? Wa zamani ulikuwa ubaoni. Wako uko wapi?"

Nikatunga msamaha. Ubeti wa kwanza niliusoma pale pale mbele ya kiti, nimepiga magoti, vina vimekaa sawa. Tangu jioni ile nimetunga mia tatu na zaidi. Kiti hakijalia tena.

Shemeji alijifungua siku ya pili, mtoto wa kike. Alipopata nguvu alikwenda naye ukumbini, kamkumbatia kifuani. Kaka akamtazama mkewe.

"Mbona umekuja na hali hiyo? Si nimesema dakika kumi? Nakuja."

Hivyo ndivyo anavyosema kila tuendapo. Kwake yeye jioni ile haijaisha. Ndevu hazijaota, jasho halijakauka shingoni. Ofisi imelifunga jengo na kubandika tangazo la ukarabati. Kijitabu changu kimechapwa bila ukurasa huo. Mama wa funguo hutufungulia mlango wa nyuma. Shemeji hanilaumu. Huniwekea chakula mezani, kisha hunipa mgongo.

Mwaka huu tulikwenda na mtoto, ana miaka minne sasa. Alishika mbao za kizimba akainua uso.

"Shikamoo."

"Marahaba, mrembo!" Kaka akaniangalia huku akitabasamu. "Mtoto wa nani huyu?"

Shemeji alitoka nje mbio. Mimi, niliyesifiwa kwa wingi wa maneno, nilimshika mtoto mkono tukamfuata.

Wakati wa kurudi nilimbeba mtoto mabegani. Akaniinamia sikioni.

"Baba mdogo, yule anacheka. Mbona wale wengine hawacheki?"

"Wepi?"

"Wale anaokaa nao mle. Wamebanana." Akanishika masikio. "Wamesogea... wakaniachia nafasi."

Mimi nilimwona mtu mmoja tu. Shemeji alimwona mmoja. Mama wa funguo, aliyekulia ukumbini humo, hajapata kumwona mwingine. Kwamba kizimba kile kina watu, na kwamba nafasi imewekwa, sikulisoma katika kitabu wala kwenye ubao. Aliyeniambia kwanza, waungwana, ni binti wa kaka yangu, mtoto wa miaka minne.